Zoom Ikijifunga Ghafla Kwenye Kompyuta ya Linux: Mwongozo kwa Wakazi Kabla ya Siku ya Kikao

Vikao vya video vimekuwa sehemu ya kawaida ya kupata huduma nchini Kenya. Tangu Machi 2020, mahakama zilipopunguza shughuli za ana kwa ana kwa sababu ya COVID-19, kesi nyingi zimekuwa zikitajwa na kusikilizwa kupitia kiungo cha video. Waajiri huwahoji waombaji kazi kwa njia hiyo, vyuo hufundisha kwa njia hiyo, na baadhi ya vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hufunguliwa pia kwa wale wasioweza kusafiri hadi ukumbini. Ushiriki huo wa umma ni haki ambayo Kifungu cha 196 cha Katiba kinayataka mabunge ya kaunti kuiwezesha.

Kwa hivyo programu ya video inapojifunga ghafla, hasara haiishii kwenye kompyuta. Chini ya Agizo la 12 la Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010, kesi inaweza kutupiliwa mbali iwapo mlalamishi hakufika siku ya kusikilizwa na upande wa pili ukafika. Kanuni hizo zinampa nafasi ya kuomba uamuzi huo uondolewe, lakini ombi lenyewe lina gharama na huchukua muda. Aliyeitwa kwenye mahojiano ya kazi mara nyingi hapati hata nafasi hiyo ya pili.

Mwongozo huu unawalenga wakazi wanaotumia kompyuta za mezani au za mapajani zenye mfumo wa Linux, hasa Ubuntu na Linux Mint. Idadi yao ina sababu ya kuongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Linux haina ada ya leseni, na hufanya kazi vyema kwenye mashine za aina hiyo. Mfano unaotumika hapa ni Zoom, lakini hatua nyingi zinafaa pia kwa programu nyingine za video.

Jambo la msingi ni moja: programu inayojifunga huacha habari za kilichoifunga. Mtumiaji akizisoma habari hizo kwanza, mara nyingi tiba yake ni ya dakika chache. Akikisia, hujikuta amefuta mfumo mzima, na pamoja nao hati za ardhi, vyeti na picha ambazo hazina nakala, ilhali tatizo liko palepale.

KIKAO KIKIWA KIMEBAKI DAKIKA CHACHE

Saa ya kikao ikiwa imefika, huo si wakati wa kutengeneza. Ni wakati wa kupitia mlango mwingine, na milango iko miwili.

Wa kwanza ni kivinjari. Mkazi abofye kiungo cha kikao kama kawaida. Ukurasa wa Zoom ukifunguka, abonyeze "Launch Meeting", kisha atafute chini yake maneno "Join from your browser". Akibofya hapo, kikao hufunguka ndani ya Chrome, Chromium au Firefox bila kuihitaji programu iliyosakinishwa. Kivinjari kitaomba ruhusa ya kutumia kamera na maikrofoni. Asipokubali, ataona wenzake lakini wao hawatamwona wala kumsikia. Ikiwa alikataa kwa bahati mbaya, abofye alama iliyo kando ya anwani, juu ya ukurasa, abadilishe ruhusa hizo, kisha aufungue ukurasa upya.

Mlango wa pili ni simu. Programu ya Zoom kwenye simu ya mkononi hutumia kiungo kilekile. Ni busara simu iwe na chaji na bando siku hiyo, hata kama mpango ni kutumia kompyuta.

Kwa vikao vya mahakama, mkazi awe na nambari ya kesi na nambari ya simu ya ofisi ya usajili ya mahakama husika mahali anapoweza kuziona haraka. Akikatika, apige simu mara moja aeleze, kuliko kuhangaika kimyakimya hadi kesi yake iitwe na ipite.

JE, NI PROGRAMU AU NI MTANDAO?

Watu wengi husema Zoom imejifunga wakati kilichokufa ni mtandao. Dalili za hali hizi mbili ni tofauti.

Mtandao ukiwa dhaifu, dirisha la Zoom hubaki kwenye skrini. Picha hukwama, sauti huchanika, kisha hutokea ujumbe kwamba muunganisho unatafutwa upya. Programu ikijifunga, dirisha lenyewe hutoweka na mtumiaji hurudi kwenye skrini tupu, wakati mwingine bila ujumbe wowote. Na kompyuta nzima ikizimika, tatizo linaweza kuwa umeme, betri iliyochoka, au joto linalotokana na vumbi kuziba feni. Hapo programu haina kosa.

Ili kuupima mtandao, mtumiaji afungue dirisha la amri kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kisha aandike:

ping -c 20 8.8.8.8

Amri hiyo hutuma ujumbe mfupi mara 20 na mwishoni huonyesha ni asilimia ngapi zilipotea kwenye maneno "packet loss". Ikiwa ni sifuri, mtandao unapitisha. Ikiwa nyingi zimepotea, hakuna tiba ya Zoom itakayosaidia kabla ya mtandao kurekebishwa. Mtumiaji asogee karibu na ruta, abadilishe laini, au azime video yake abaki na sauti. Sauti peke yake hutumia sehemu ndogo tu ya data inayotumiwa na video.

INAJIFUNGA WAKATI GANI?

Ikishabainika kwamba programu ndiyo inayojifunga, swali linalofuata ni wakati. Fundi mzuri huuliza hili kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa wakati wa kujifunga huelekeza kwenye chanzo.

Ikijifunga kabla dirisha halijafunguka, chanzo mara nyingi ni usakinishaji usiokamilika, toleo lisilolingana na mfumo, au faili ya mipangilio iliyoharibika.

Ikijifunga mara tu mtumiaji anapoingia kwenye kikao, washukiwa ni kamera, sauti, au draiva ya kadi ya michoro, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa kinachochora picha kwenye skrini.

Ikijifunga wakati wa kuwaonyesha wengine skrini yake, mshukiwa mkuu ni mfumo wa kuchora madirisha unaoitwa Wayland.

Ikijifunga baada ya dakika kumi au ishirini za kazi nzuri, tatizo huenda ni RAM kujaa.

Mtumiaji anaweza kujaribu bila kusubiri kikao halisi. Anwani ya zoom.us/test hufungua kikao cha majaribio kinachotolewa na Zoom wenyewe, ambapo kamera, kipaza sauti na maikrofoni hupimwa. Hakimu hasubiri, wala hakuna anayetazama.

KUIFANYA PROGRAMU ISEME

Zoom ikifunguliwa kwa kubofya alama yake, malalamiko yake hayaonekani. Ikifunguliwa kupitia dirisha la amri, huyaandika humo. Mtumiaji aandike neno moja:

zoom

Mistari mingi itapita. Mingi ni ya kawaida, na haina haja ya kumtia mtu hofu. Kinachotafutwa ni mistari ya mwisho, iliyoandikwa kabla tu ya programu kujifunga. Hii hapa ni baadhi ya mistari inayokutwa, pamoja na maana yake:

"error while loading shared libraries" humaanisha kuna faili saidizi ambayo Zoom inaihitaji na haipo kwenye mfumo. Jina la faili hiyo hufuata papo hapo.

"Segmentation fault" au ishara nambari 11 humaanisha programu iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, na mfumo ukaifunga ili kujilinda. Mtumiaji hajaharibu chochote. Mara nyingi ni kasoro katika toleo la programu au katika draiva.

"Killed" au ishara nambari 9 humaanisha programu iliuawa kutoka nje, na kwa kawaida muuaji ni mfumo wenyewe RAM inapokwisha.

Pamoja na hayo, Linux huweka daftari la matukio ambalo huandika kila jambo na saa yake. Amri hii huonyesha kama kuna programu iliyofungwa kwa kosa la kumbukumbu tangu kompyuta iwashwe:

journalctl -k -b | grep -i segfault

Mstari utakaojitokeza hutaja programu iliyojifunga na mara nyingi faili ambamo kosa lilitokea. Jina kama iris_dri, nouveau au nvidia huelekeza kidole kwenye kadi ya michoro. Mistari hiyo inafaa kunakiliwa mahali salama. Humpunguzia fundi kazi, na humwezesha mkazi kueleza ni saa ngapi hasa alikatika na kwa nini.

TIBA KULINGANA NA CHANZO

Kanuni ya kufuata ni kubadilisha jambo moja, kujaribu, kisha kuendelea. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua ni lipi lililosaidia, wala ni lipi lililoharibu zaidi.

1. Usakinishaji usiokamilika au toleo la zamani

Toleo la Zoom linalopakuliwa kwenye tovuti ya kampuni kwa ajili ya Ubuntu na Mint huja kama faili iitwayo zoom_amd64.deb. Programu iliyosakinishwa hivyo haisasishwi pamoja na mfumo. Mtu anaweza kusasisha Ubuntu kila wiki na bado akawa na Zoom ya miaka miwili iliyopita. Kuangalia toleo lililopo:

dpkg -l zoom

Likiwa la zamani, au ikiwa ujumbe wa faili saidizi umeonekana, mtumiaji apakue faili mpya kutoka zoom.us. Ni faili kubwa, inayozidi megabaiti 100, kwa hivyo ni vyema kuipakua penye mtandao wa bei nafuu. Kisha aandike:

cd ~/Downloads
sudo apt install ./zoom_amd64.deb

Nukta na mkwaju kabla ya jina ni muhimu. Huiambia apt isakinishe faili iliyo kwenye kompyuta na pia ilete faili saidizi zote zinazohitajika. Wengi hutumia amri ya dpkg -i, ambayo huweka programu lakini haileti saidizi hizo, na hapo ndipo Zoom hugoma kufunguka. Aliyekwisha kufanya hivyo anaweza kurekebisha kwa:

sudo apt --fix-broken install

Kabla ya kupakua, ni vyema pia kuhakikisha kompyuta ni ya biti 64. Amri ya uname -m ikijibu x86_64, sawa. Ikijibu i686, mfumo uliopo ni wa biti 32 na Zoom ya sasa haitasakinika juu yake. Mtumiaji huyo atumie kivinjari au simu.

2. Mipangilio iliyoharibika

Umeme ukikatika wakati Zoom inaandika mipangilio yake, faili inaweza kubaki nusu. Kusakinisha programu upya hakusaidii hapa, kwa sababu mipangilio huhifadhiwa kwenye folda ya mtumiaji na haiguswi na usakinishaji. Tiba ni kuiweka kando ili Zoom itengeneze mipya:

mv ~/.config/zoomus.conf ~/.config/zoomus.conf.zamani
mv ~/.zoom ~/.zoom.zamani

Amri hizi hazifuti kitu, zinabadilisha majina tu. Zoom ikifunguliwa tena itamtaka mtumiaji aingie upya kwa barua pepe na nywila yake, kwa hivyo awe nazo tayari. Ikiwa hakuna kilichobadilika, majina yanaweza kurudishwa yalivyokuwa.

Hapohapo ni vizuri kuangalia kama diski imejaa, kwa amri ya df -h. Safu iliyoandikwa "Use%" ikionyesha 100% kwenye mstari unaoishia na alama ya mkwaju peke yake, programu nyingi zitashindwa kuandika faili zake na zitajifunga. Kufuta filamu au faili kubwa zisizohitajika kunaweza kuwa tiba nzima.

3. Kamera na sauti

Mtumiaji azime video kwanza, aingie kwenye kikao cha majaribio, kisha aiwashe akiwa ndani. Programu ikijifunga papo hapo, kamera imejitaja.

Amri ya ls /dev/video* huonyesha kama mfumo unaitambua kamera. Ikijibu kwamba hakuna faili kama hiyo, kamera haionekani kabisa: waya wa USB uchomolewe na uchomekwe penye tundu jingine, au kwa kompyuta ya mapajani, mtumiaji aangalie kama kuna kitufe cha kuzima kamera. Kamera ikionekana, aipime kwa programu nyingine kama Cheese. Ikifanya kazi huko na si kwenye Zoom, huenda kuna programu nyingine iliyoishikilia, kwa mfano ukurasa wa kivinjari uliosahauliwa wazi. Amri hii humtaja aliyeishika:

fuser -v /dev/video0

Kwa upande wa sauti, matatizo mengi hutokea mtu anapochomeka au kuunganisha vipokea sauti vya masikioni katikati ya kikao. Ni salama zaidi kuviunganisha kabla ya kufungua Zoom. Mfumo wa sauti ukikwama, unaweza kuanzishwa upya bila kuzima kompyuta. Kwenye Ubuntu 22.10 na matoleo yaliyofuata, ambayo hutumia PipeWire, amri ni:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Kwenye Ubuntu 22.04 na ya kabla yake, amri ni pulseaudio -k.

4. Kadi ya michoro na kuonyesha skrini

Hapa kuna kipimo rahisi chenye nguvu. Kwa kompyuta zenye kadi za Intel au AMD, mtumiaji afungue Zoom hivi:

LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 zoom

Amri hiyo huiambia kompyuta ichore picha kwa kutumia kichakato chake kikuu bila kuigusa kadi ya michoro. Kazi itakuwa nzito kidogo. Lakini ikiwa Zoom iliyokuwa ikijifunga sasa inadumu, mkosaji amepatikana: ni draiva ya michoro. Wanaohitaji kikao siku hiyohiyo wanaweza kuendelea kuitumia Zoom hivyo, huku tiba kamili ikisubiri. Tiba hiyo ni kusasisha mfumo:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Baada ya hapo kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Wenye kadi za Nvidia wafungue programu ya "Additional Drivers" kwenye Ubuntu, au "Driver Manager" kwenye Mint, na wachague draiva iliyowekewa alama kwamba inapendekezwa.

Anayekumbwa na tatizo wakati wa kuonyesha skrini aandike:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu likiwa wayland, huenda chanzo ndicho hicho. Wayland huizuia programu moja kuchungulia madirisha ya nyingine, jambo jema kwa usalama, lakini programu za video ilibidi zijifunze njia mpya ya kuomba ruhusa, na matoleo ya zamani ya Zoom hayakuijua vyema. Ubuntu imekuwa ikianza na Wayland kwenye kompyuta nyingi tangu toleo la 21.04. Tiba ya kwanza ni kusasisha Zoom. Isipotosha, na mfumo ukiwa Ubuntu ya kabla ya 25.10, mtumiaji atoke kwenye akaunti yake, abofye jina lake, na kabla ya kuandika nywila abofye alama ya gia iliyo pembeni chini ya skrini. Achague "Ubuntu on Xorg", kisha aingie. Matoleo kuanzia 25.10 hayana chaguo hilo, na hapo njia nzuri ni kivinjari.

5. RAM kujaa

Kompyuta yenye GB 2 au GB 4 za RAM inaweza kuendesha Linux vizuri, lakini Zoom ikifunguliwa pamoja na kivinjari chenye kurasa kumi na tano, nafasi huisha. Mfumo ukiona hatari ya kuganda kabisa, huchagua programu inayotumia RAM nyingi na kuifunga. Katikati ya kikao, mara nyingi chaguo hilo huiangukia Zoom au kivinjari.

Amri ya free -h huonyesha RAM iliyobaki kwenye safu ya "available". Amri hii nayo hueleza kama mfumo umewahi kufunga programu kwa sababu hiyo:

journalctl -b | grep -i -E "oom|out of memory"

Tiba haihitaji pesa mara moja. Mtumiaji afunge kivinjari na programu nyingine zote kabla ya kikao, azime picha za kuficha mandhari ya nyuma ambazo hula nguvu nyingi, na achague kumwona msemaji mmoja kuliko kuonyesha nyuso za wote kwa wakati mmoja. Tatizo likijirudia, kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani ni miongoni mwa marekebisho ya bei nafuu ambayo fundi anaweza kufanya.

PROGRAMU AMBAZO HAZITENGENEZEKI TENA

Baadhi ya kompyuta bado zina alama za programu ambazo wenyewe walishazifunga. Skype ilifungwa rasmi tarehe 5 Mei 2025. Microsoft iliondoa programu ya Teams ya Linux Desemba 2022, na tangu hapo watumiaji wa Linux wanaelekezwa kuitumia Teams kupitia kivinjari kama Chrome au Edge. Anayepokea kiungo cha Teams, ikiwemo kwa kesi mahakamani, asihangaike kuifufua programu ya zamani. Akifungue kiungo hicho kwenye kivinjari.

Vivyo hivyo kwa mfumo wenyewe. Ubuntu 20.04 ilimaliza msaada wake wa kawaida wa miaka mitano mwaka 2025. Amri ya lsb_release -a huonyesha toleo lililopo. Likiwa hilo au la zamani zaidi, ni bora kupanga kuhamia toleo jipya, baada ya kunakili hati zote kwenye flashi au diski ya nje.

TAHADHARI

Anayetafuta msaada mtandaoni hukutana na amri nyingi za kunakili. Amri yoyote inayoanza na sudo hupewa mamlaka ya kubadilisha kompyuta nzima. Mkazi asiinakili kabla ya kuelewa inafanya nini, hata kama aliyeiandika anaonekana mjuzi.

Zoom ipakuliwe kutoka zoom.us pekee. Vifurushi vyake vinavyopatikana kwenye maduka ya programu ya Linux, kama kile cha Flathub, vimeandaliwa na watu wa kujitolea na si kampuni yenyewe. Vingi hufanya kazi, lakini ni vyema mtumiaji ajue anachosakinisha.

Kabla ya kumtumia mtu picha ya skrini au mistari ya dirisha la amri, mkazi afute kiungo cha kikao, nambari yake na nywila. Mwenye kiungo anaweza kuingia. Na hakuna fundi wa kweli anayehitaji PIN ya M-Pesa au nambari ya siri ya mtu ili kutengeneza programu ya video.

SIKU MOJA KABLA YA KIKAO

Wakazi wanashauriwa kufanya mambo haya jioni ya kuamkia kikao, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha:

• Kuwasha kompyuta, kuruhusu masasisho yamalizike, na kuizima na kuiwasha upya.

• Kufungua zoom.us/test na kukaa humo angalau dakika ishirini, kamera na sauti zikiwa wazi. Tatizo la RAM halionekani ndani ya dakika mbili.

• Kujaribu pia njia ya kivinjari na kuruhusu kamera na maikrofoni, ili mlango wa pili uwe tayari.

• Kuchaji simu, kununua bando, na kuhifadhi kiungo cha kikao kwenye simu hiyo.

• Kuandika kwenye karatasi nambari ya kesi au ya mahojiano, pamoja na nambari ya simu ya ofisi iliyoandaa kikao.

• Kuingia dakika kumi na tano kabla ya saa, na kutumia jina kamili ambalo mwandalizi atalitambua.

Mkazi ambaye amefuata hatua hizi na bado programu inajifunga anaweza kumwona afisa wa TEHAMA au fundi aliye karibu naye. Aende na kompyuta, toleo la mfumo wake, toleo la Zoom, maelezo ya wakati inapojifunga, na mistari ya mwisho iliyoandikwa kwenye dirisha la amri. Mambo hayo matano yanatosha fundi kuanza kazi mara moja, bila kukisia na bila kumfutia mtu hati zake.